Tangi likivuja, nani atakurudishia pesa zako?

Leo nawatoa Pwani kidogo. Mwezi uliopita nilikuwa Litein, kaunti ya Kericho, kwa shemeji yangu aliyekodi kituo cha mafuta kwenye barabara iendayo Sotik na Bomet. Chai kila upande, mvua karibu kila alasiri, na watu wa mabondeni huteka maji ya chemchemi.

Kwa miezi kadhaa, kila asubuhi akitumbukiza kijiti tangini, petroli ilikuwa pungufu ya hesabu. Akamshuku mlinzi wa usiku, akamfukuza. Kisha mama mmoja kutoka bondeni akaja na dumu la maji yanayonuka petroli. Tangi la chuma, lililofukiwa kabla shemeji hajafika pale, lilikuwa limetoboka kwa kutu.

Akalifukua, akakodi lori la kuzoa udongo, akawanunulia majirani maji. Akiba ya kumpeleka mamake Hija ikaisha.

"Shemeji, wewe uliyesoma," akaniuliza, "serikali haiturudishii?"

Jamaa yake aliyeko Marekani ndiye aliyemwambia hurudishwa. Hakusema uongo. Tangu 1986 kule kuna mfuko wa taifa wa matangi yanayovuja, unaochangiwa sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila galoni. Majimbo mengi nayo yana mifuko yao, na hiyo ndiyo humrudishia mwenye tangi gharama zinazozidi fungu lake, bora awe ametoa taarifa mapema, amefuata kanuni na ana risiti.

Kwetu mambo ni kinyume. Sheria ya mazingira ya 1999 yasema mchafuzi ndiye mlipaji. Kifungu cha 142 kinairuhusu mahakama kumtoza gharama yote ya usafishaji, na fidia kwa walioathirika juu yake. Mfuko wa urejeshaji mazingira upo, kifungu cha 25, lakini ni wa pale mchafuzi asipojulikana, au hali isiyo ya kawaida inapoilazimu NEMA kuingilia kati. Shemeji anajulikana hadi na watoto wa shule.

Tena yeye mwenyewe anaweza kudaiwa. Watu wa Mombasa hatujasahau Owino Uhuru: sumu ya risasi, kesi ya 2016, na shilingi bilioni 1.3 walizopewa wakazi na mahakama mwaka 2020. Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa jambo kama hili, hata bila kuonyesha hasara yake. Yule mama wa dumu ana haki hiyo.

Mlango uliobaki ni mwenye kiwanja, aliyelifukia tangi. Nikaomba mkataba. Kurasa mbili, na tangi halikutajwa hata mara moja! Hata hivyo wakili ana pa kushika. Madai ya mkataba yana miaka 6, ya madhara miaka 3, kwa hiyo asilale. Bima nayo aisome vizuri, maana nyingi hulipa mafuta yaliyomwagika ghafla, si yaliyovuja polepole.

Ushahidi wake mkubwa ni daftari la vipimo vya kila asubuhi, lile lile alilomfukuzia mlinzi. Aongeze picha za tangi lilivyotoboka, majibu ya maabara kuhusu maji na udongo, na risiti zote.

"Na udongo uliozolewa ulikwenda wapi?" nikamuuliza.

Kimya. Taka za namna hiyo zabebwa na mwenye leseni ya NEMA, zikatupwe panaporuhusiwa. Yeye alimwachia dereva. Hapo wakili wa upande wa pili atamkalia kooni: huwezi kudai gharama za kusafisha ikiwa uchafu umeuhamishia kwa mwengine.

Juzi kanipigia. Dereva amepatikana, na udongo uko kando ya kijito, upande wa Kapkatet. NEMA bado hajawaambia. Nimemwambia awapigie kesho asubuhi, kabla ya wakili, na mlinzi amwite arudi kazini.