"Mine" ya mgodi na "mine" ya kwangu

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja nje kidogo ya mji wa Geita, niliandika ubaoni sentensi rahisi kuliko zote nilizokuwa nazo: "This pen is mine." Nikauliza maana yake. Kidato cha kwanza kimya. Halafu sauti moja kutoka nyuma: "Mwalimu, hii kalamu ni mgodi."

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Jioni nimerudi geto, kicheko kikaniishia. Yule dogo hakujibu kwa uvivu. Kila siku anapita mbele ya mabango yenye neno hilo, kaka zake wanashinda kwenye maduara, na "mine" anayoijua yeye ni ile yenye udongo. Ngeni kwake ni hii ya kwangu. Na mtihani hautamuuliza amekulia wapi.

Kumbe hapo kuna maneno mawili tofauti yaliyokutana kwenye tahajia tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini. "Mine" ya kumiliki ni Kiingereza cha asili, tangu ilipokuwa ikiandikwa "min", na ni ndugu wa "mein" ya Wajerumani. Zamani ilikaa hata mbele ya nomino. Baadaye ile n ikadondoka mbele ya konsonanti, tukapata "my". Mbele ya irabu ilichelewa kuondoka, ndiyo maana kwenye Biblia za Kiingereza cha kale bado unakuta "mine eyes".

"Mine" ya mgodi ilipitia Kifaransa. Wataalamu wengi wanairudisha nyuma zaidi, kwenye lugha za Kikelti: Wawelshi wana "mwyn", Waayalandi wana "mianach". Na sisi "madini" tumeichukua kwa Waarabu, lakini mgodi ni wa Kibantu. Wazulu nao wana "umgodi", yaani shimo. "Duara" la wachimbaji wetu ni neno la hesabu lililopewa kazi nyingine.

Sehemu iliyonikamata ni "undermine", lile neno tunalolitumia mtu anapomhujumu mwenzake kimyakimya (kwenye chaguzi za chuo mifano imejaa, sitaji). Zamani lilikuwa na maana ya wazi: kuchimba chini ya kitu. Wanajeshi waliozingira ngome walichimba handaki chini ya ukuta, wakaliegemeza kwa magogo, kisha wakayachoma magogo ili ukuta uporomoke. Mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza alifanya hivyo kwenye ngome ya Rochester, na aliagiza nguruwe 40 wanono ili mafuta yao yakoleze moto. Kona ya ngome ikaanguka. Mchimbaji wa Geita haelezwi mara mbili hapo. Anajua matimba yakiachia juu yake kinafuata nini.

Ilipokuja baruti, magogo yakaachwa, wakawa wanalipua. Jina la handaki likahamia kwenye kile kilichowekwa ndani yake, na mpaka leo bomu la kutegwa ardhini linaitwa "mine". Hapa Tanzania tunaingia kwa mlango wa Morogoro: pale SUA panya buku wanafundishwa kunusa mabomu hayo. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza. Panya wetu kapata dhahabu kwa kutafuta "mine". Siku hizi wapo pia wanaochimba Bitcoin kwa kompyuta, ila hao hawachafuki.

Kwa mtakaokwenda kufundisha mwakani, njia iliyonisaidia ni hii: "mine" ya mgodi hukubali "a" au "the" mbele yake na ina wingi, "mines". Ya kumiliki haikubali chochote kati ya hivyo. Nikawaambia watunge sentensi yenye zote mbili. Yule dogo wa nyuma akaandika: "The farm is mine but the mine is not mine."

Nilimuuliza ameitoa wapi. Akasema nyumbani ndivyo ilivyo.

Na kisheria yuko sahihi. Uwe na shamba Kahama, Mwadui au Geita, haki yako ni ya juu ya ardhi. Dhahabu na almasi zilizo chini si zako. Sheria ya mwaka 2017 inasema rasilimali hizo ni za wananchi, Rais akizishika kwa niaba yao, na serikali inapata hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi mikubwa. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania, lakini anayeipata anaweza kuwa mwingine kabisa, siyo mwenye shamba. Ndipo mawe yanapotoka yanagawanywa viroba: mwenye leseni, mwenye duara, wachimbaji, na mwenye shamba kwa kadiri walivyopatana. Wasipopatana mapema, kila mmoja husimama pale juu akisema ni yangu.

Nilimpa tiki. Kisha akauliza kama ile "mine" ya Rais nayo inaandikwa hivyohivyo, nikamwambia hapo tunahitaji "ours", tutaisoma wiki ijayo.