Jengo Lililowekwa Alama

Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ilinyesha Nairobi na jengo la ghorofa likaporomoka katika mtaa wa Huruma, karibu kabisa na mto. Zaidi ya watu 40 walikufa. Wengi walikuwa familia zilizopanga chumba kimoja kimoja, za wale wanaotoka alfajiri kutafuta riziki na kurudi giza likiwa limeshaingia. Siku zilizofuata zilileta habari chungu zaidi: jengo hilo lilikuwa limeshatajwa kuwa hatari na kuwekwa katika orodha ya yale yanayopaswa kubomolewa. Ukaguzi, basi, ulifanyika. Hatua zilizopaswa kufuata ndizo ambazo hazikufanyika.

Nimelikumbuka jengo hilo kila ninapoona ramani ya uwezo wa taasisi. Ramani hiyo ni chati ya visanduku, na kila kisanduku kinataja jambo moja ambalo taasisi lazima iweze kulifanya: kutoa vibali vya ujenzi, kukagua majengo, kukusanya kodi, kuzoa taka. Haijali ni ofisi gani inayolifanya leo wala kwa programu gani ya kompyuta, kwa sababu ofisi na programu hubadilika ilhali kazi yenyewe ipo tu. Kwa kila kisanduku huandikwa mhusika, sheria inayompa mamlaka, bajeti, watumishi na mifumo anayotumia, na wakubwa huitazama chati wakiamua pesa ziende wapi. Mamlaka ya TEHAMA ya Kenya ilitoa viwango vya usanifu wa mifumo ya serikali mwaka huo huo wa 2016. Ila ramani kubwa zaidi tulikuwa nayo tangu 2010: Jedwali la Nne la Katiba, lililogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Baadaye Mamlaka ya Mpito ilikabidhiwa kuzichambua kazi hizo na kusimamia uhamishaji wake kwenda kaunti.

Sasa tuiweke Huruma juu ya chati. Kwenye ramani ya kawaida utakuta kisanduku kimoja, “udhibiti wa majengo”, na pengine kimepakwa rangi ya kijani kwa kuwa sheria ipo, maafisa wapo na fomu zipo. Kifungue. Ndani kuna kukagua, kutoa notisi, kuwaarifu wapangaji, kuwatafutia pa kulala, kuwahamisha, kukata stima na maji, kubomoa, kisha kumfikisha mwenye jengo mahakamani. Kaunti ina mkono humo. Halmashauri ya kitaifa ya ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inao pia, na vilevile kikosi cha kitaifa cha ukaguzi wa majengo kilichoundwa 2015. Jengo likiwa ukingoni mwa mto, mamlaka ya mazingira nayo inahusika. Wakaguzi ni wengi. Lakini ukiuliza ni ofisi gani yenye bajeti ya kumlaza mahali mpangaji wa chumba cha Huruma usiku anaohamishwa, kisanduku hicho ni kitupu, na bila hicho kazi zote zinazokifuata hukwama. Mpangaji aliyekwisha lipa kodi ya mwezi hahami kwa sababu ya alama nyekundu ya kubomolewa iliyopakwa ukutani. Atahamia wapi?

Ndiyo maana sikubaliani na washauri wanaoikomesha ramani kwenye ngazi ya pili ya mgawanyo wa kazi kwa hoja kwamba mkurugenzi anataka ukurasa mmoja anaoweza kuusoma haraka. Hoja hiyo ina mashiko kwa kazi kama ununuzi wa karatasi. Kwa kazi inayogusa uhai, ramani ishuke hadi pale mtu mmoja anapoweza kusema, “Hii ni yangu, na nisipoifanya leo haifanyiki.”

Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, imewahi kulipia kosa la namna hii. Katikati ya miaka ya 1970 Benki ya Dunia na Baraza la Jiji walianzisha mtaa wa Dandora: ploti 6,000 zenye maji, barabara na mabomba ya maji taka. Wengi wa waliopata ploti walikabidhiwa choo na bafu tu, wengine wakiongezewa jiko na stoo, ili kila familia ijijengee vyumba polepole, ikae humo na kupangisha kimoja au viwili kulipia mkopo. Baraza liliunda idara maalumu ya kuendesha mradi. Idara hiyo ilijua kugawa ploti, kutoa mikopo ya vifaa na kusimamia mafundi, lakini uwezo huo ulijengwa kando ya shughuli za kawaida za jiji. Mradi una mwisho, mtaa hauna. Mnamo 1983 baraza lenyewe lilivunjwa, na tume za kuteuliwa zikaendesha jiji hadi uchaguzi wa 1992.

Nenda Dandora leo usimame mbele ya ploti iliyopimwa kwa ajili ya familia moja na wapangaji wake wachache. Utaona ghorofa kadhaa, korido nyembamba katikati, milango ikitazamana pande zote mbili, nguo zimeanikwa kwenye vyuma vya roshani. Maji taka ya milango yote hiyo yanamiminika kwenye mtandao uliokadiriwa kwa vyumba vichache. Bomba likiziba, keyateka, yaani mwangalizi wa jengo, anaita kijana mwenye waya na glavu. Siwalaumu waliojenga juu, maana Nairobi ilihitaji vyumba na wao wakavijenga. Lakini uwezo wa kuangalia mtaa unavyokua na kupanua mabomba sambamba na ukuaji huo haukuwa na mwenyewe baada ya mradi kufungwa.

Kuna ramani nyingine zinazokufa kwa kubadilishiwa wenyewe. Februari 25, 2020, Gavana wa Nairobi wakati huo, Mike Sonko, alitia saini kuhamishia serikali ya kitaifa kazi nne za kaunti: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma zake, na mipango ya jiji. Shirika la Nairobi Metropolitan Services chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi lilizishika hadi Septemba 2022, kisha zikarudi. Ukusanyaji wa ushuru nao ulihama mara kadhaa. Kaunti ilianza na mfumo wa malipo wa JamboPay mwaka 2014, mkataba huo ukaisha 2019, mwaka uliofuata Mamlaka ya Ushuru ikakabidhiwa kazi, ukaja mfumo wa NRS, na baada ya uchaguzi wa 2022 ukaja NairobiPay. Kazi ilikuwa ile ile muda wote. Kama ramani ingekuwa inatunzwa, kila uhamisho ungedai majibu kabla ya saini: kumbukumbu za malipo zinahamishwa na nani, na mwenye karakana ya Kariobangi aliyelipia leseni wiki iliyopita ataonyesha risiti gani?

Utunzaji huo ndio usimamizi ninaoutetea. Kila kisanduku kibebe cheo cha mtu, si jina la idara. Kamati inayosimamia usanifu iwe na nguvu ya kuzuia malipo ya mfumo wowote ambao haujaonyesha unahudumia kisanduku gani na unachukua nafasi ya mfumo upi. Na ramani ijaribiwe mtaani kabla ya kupitishwa. Chukua malalamiko halisi, tuseme nguzo ya jengo iliyopasuka katika mtaa wa Umoja Innercore, uyafuate kutoka kwa keyateka aliyeiona kwanza hadi kwa ofisa wa mwisho. Yanapokwama ndipo penye kisanduku kitupu, hata kama chati imepaka kijani.

Jaribio hilo linahitajika haraka sasa, maana mitaa ya zamani inajengwa upya. Mradi wa nyumba wa Pangani ulibomoa nyumba 48 za zamani kupisha majengo marefu yenye nyumba zaidi ya 1,500, na mitaa ya kaunti kama Bahati, Maringo na Jericho imo katika mipango ya namna hiyo. Nyumba hizo za zamani zilihitaji rangi, mabati na fundi wa bomba. Majengo mapya yanahitaji lifti zinazofanya kazi, pampu za kupandisha maji, na mtu wa kuzima moto ghorofa ya kumi na tano. Sheria ya nyumba nafuu ya 2024 imeweka bodi ya kusimamia hazina na ujenzi. Kabla mpangaji wa Jericho hajatakiwa kufunga virago, aonyeshwe kwa maandishi ni ofisa wa cheo gani atakayetengeneza lifti mwaka wa kumi, na kwa bajeti ipi.