Je, Kilima Kikavu Kimekufa? Mimea ya Dodoma Katika Majira ya Mwaka

Bustani ya Mimea ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902 katika milima ya Usambara Mashariki, hupata mvua karibu kila mwezi. Mgeni aizuruye wakati wowote huikuta ya kijani. Vilima vya mawe vya Dodoma ni kinyume chake. Katika uwanda huu ulio kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua huwa ya msimu mmoja tu, baina ya Desemba na Aprili, na wastani wake kwa mwaka ni chini ya milimita 600. Apitaye mwezi wa Agosti huona matawi matupu na nyasi kavu, akasema kilima kimekufa. Kauli hiyo si sahihi, wala madhara yake si madogo: kidhaniwacho kufa hukatwa au huchomwa moto bila majuto.

Jani ni kiungo cha kutengeneza chakula, lakini pia ni njia ya kupoteza maji. Kaboni dayoksaidi huingia kwa vitundu vidogo viitwavyo stomata, na kwa vitundu hivyo hivyo mvuke wa maji hutoka. Udongo ukaukapo, hasara hupita faida, na mti hupukutisha majani. Kupukutika huko si ugonjwa, bali ni njia ya kuhifadhi maji.

Wala kazi yote haikomi. Mwanafunzi akikwangua kwa ukucha gome jembamba la mti wa jamii ya Commiphora, ataona tabaka la kijani. Hiyo ni klorofili, nayo huendelea kupokea mwanga. Mbuyu huweka maji mengi katika shina lake laini. Uchunguzi wa mibuyu ya Madagaska umeonyesha kwamba akiba hiyo husaidia hasa kuchipua majani mapya kabla ya mvua. Maua yake meupe hufunguka jioni, huzuriwa na popo usiku, na hunyauka siku ifuatayo. Bondeni, mti uitwao kitaalamu Faidherbia albida huenda kinyume na wenzake: hupukutisha majani wakati wa mvua, ukawa na majani wakati wa kiangazi.

Ushahidi mkubwa zaidi uko Kondoa, kaskazini mwa mji wa Dodoma, ambako mmomonyoko ulichimba makorongo makubwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Wafugaji walibeba mzigo mzito wa hatua hiyo. Hata hivyo, nyasi, vichaka na miti vilirudi, sehemu kubwa bila kupandwa, kwa kuwa visiki, mizizi na mbegu vilikuwa vingali hai ardhini.

Kwa hiyo shule iliyo karibu na kilima ina bustani yake ya mimea tayari. Wanafunzi na wachague miti mitano, waitie alama, kisha waizuru kila mwezi kwa mwaka mzima. Waandike tarehe ya jani la kwanza, ya ua, ya tunda na ya kupukutika, pamoja na siku za mvua. Elimu hii huitwa fenolojia. Mwaka ukiisha, wahesabu ni miti mingapi iliyochipua kabla ya tone la kwanza la mvua. Hesabu hiyo itawaonyesha kama kilima kilikuwa kimekufa au kilikuwa kikingoja.