JUU YA NINI WAGANGA WANAOMBA MUKOJO WA WATU WASIO WAGONJWA?

Mugonjwa akiombwa mukojo ku lupitalo, hakuna anayeshangaa. Lakini waganga wakipita nyumba kwa nyumba kuomba mukojo wa watu wazima wenye afya, wengine wanacheka, wengine wanaogopa ulozi. Basi tueleze.

Ukiuliza mutu: «Unakula chumvi kiasi gani kwa siku?» hawezi kujua. Chumvi iko ndani ya sombe, ya samaki, ya mkate. Lakini karibu 90 kwa 100 ya sodyumu ya chumvi ile inatoka kwa njia ya mukojo. OMS inashauri mutu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, maana chumvi nyingi inapandisha tansyo. Mukojo njo unatoa jibu.

Shida ni kuukusanya. Asubuhi mutu anatupa mukojo wa kwanza na kuandika saa. Kisha anaweka wote ndani ya chombo mpaka saa ile ile ya kesho. Akienda shamba bila chombo, ao akisahau mara moja tu, hesabu inapunguka. Tutazani anakula chumvi kidogo, kumbe sivyo.

Kwa hiyo, mbele ya kupima maelfu, sharti kujaribu kwa watu wachache na kuhesabu:
1. Wangapi wamekubali?
2. Wangapi wamerudisha chombo?
3. Wangapi wamekusanya yote?

Chombo kisichofika mililita 500 kinaleta mashaka. Kazi ni nguvu, lakini inawezekana: uchunguzi INTERSALT, uliotangazwa mwaka 1988, ulipata mukojo wa masaa 24 wa watu 10.079 katika inchi 32.

Kwa maulizo mengine, mukojo wa mara moja unatosha. Ni vile kwa iyodi, ambayo ukosefu wake unaleta goita, ule uvimbe wa shingo uliojulikana sana kule Idjwi, katika Kivu. Mukojo wa mara moja hauwezi kuhukumu mutu mmoja, kwa sababu iyodi inabadilika kila siku. Lakini mukojo wa watu wengi pamoja unaonyesha hali ya kijiji.

Tena kuna haya. Chombo kiwe na kifuniko, kiandikwe namba, si jina. Mwanamuke apokelewe na mwanamuke. Kila mutu aelezwe vizuri na aruhusiwe kukataa. Anayekataa anapunguza hesabu kwa mutu mmoja tu. Anayelazimishwa anaweza kuongeza maji ndani ya chombo, na labo haitajua mara moja.