Mtazame Aliyeanguka

Kongo, pambano la mieleka huanzia barabarani. Saa kadhaa kabla ya kengele, gari la wazi linapita mitaani taratibu, tarumbeta na ngoma zikipigwa. Juu yake wamesimama watu waliofunika nyuso kwa vinyago, mmoja amejipaka chokaa mwili mzima, mwingine ameshika fuvu. Watoto wanalikimbilia nyuma. Hapo ndipo mwanamieleka anapofanyiwa mtihani wa kwanza, na mashabiki wanaobishana jioni nani mkali kuliko nani huusahau: alipopita, kuna mtu mzima aliyeacha shughuli yake akamfuata?

Ninazungumzia mieleka ya maonyesho, ile ambayo nchi nzima tunaiita kwa Kifaransa catch. Mshindi hujulikana kwa wahusika kabla hawajapanda ulingoni. Mtu asiyeipenda huuliza hapo hapo: kama matokeo yamepangwa, mnahukumu nini? Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu kamili. Tunahukumu mambo matatu yanayochanganywa kila siku: ufundi wa miili miwili, kisa kinachosimuliwa kwa miili hiyo, na uwezo wa jina kuwatoa watu majumbani wakalipe kiingilio. Mtu anaweza kuwa bingwa wa moja na asiwe na kitu katika mengine. Lakini yote matatu, kwa maoni yangu, yanaonekana vizuri zaidi ukimtazama aliyeanguka kuliko ukimtazama aliyemwangusha.

Tuanze na kuanguka kwenyewe, maana ndiko kazi iliko. Ulingo wa mitaani kwetu mara nyingi ni mbao zilizopigiliwa misumari, juu yake godoro jembamba au turubai tu. Anayebwagwa hapo akitangulia na kiwiko, amevunjika. Akitangulia na kisogo, hatuna mchezo tena bali msiba. Anayeijua kazi hukunja kidevu mpaka kiguse kifua, hutoa pumzi kabla ya kufika chini, kisha mgongo wa juu na viganja viwili vilivyotandazwa hugonga mbao kwa wakati mmoja ili uzito ugawanyike. Ule mlio mkubwa unaowashtua watazamaji ndio unaomwokoa. Sasa geuza macho kwa anayebwaga. Mkono wake umeshika kiuno au mkanda wa mwenzake, na haumwachi mpaka afike. Mbwagaji anayeachia mapema anaonekana mkatili na watu hushangilia. Mimi humhesabu kuwa hajui kazi.

Baada ya kuanguka kuna kumbukumbu. Mguu uliopindwa dakika ya tatu usikimbie kama mguu mzima dakika ya kumi. Mwanamieleka mwenye akili huinuka akiuburuta, hushika kamba kuutuliza, hujaribu kuruka na ule mguu unamkatalia. Hapo mtazamaji wa safu ya mwisho, asiyesikia neno hata moja, anajua kisa kimefika wapi. Mpinzani anayeuona mguu huo na kuurudia ameonyesha kwamba naye anasikiliza. Wawili hao wanazungumza. Wengi wanaosifiwa kwa misuli hawazungumzi na mtu.

Tangu miaka ya 1980, Mmarekani Dave Meltzer, katika jarida lake la Wrestling Observer, amekuwa akiyapa mapambano nyota, na nyota tano ndizo zilizokuwa kilele mpaka alipoanza mwenyewe kukivuka. Kipimo hicho kimeenea duniani. Usiku mmoja unatosha kuonyesha nguvu yake na upungufu wake: tarehe 29 Machi 1987, katika uwanja wa Pontiac Silverdome, jimbo la Michigan. Waandaaji walitangaza watazamaji 93,173, idadi inayobishaniwa hadi leo, ila kwamba uwanja ulifurika hakuna anayebisha. Usiku huo Randy Savage na Ricky Steamboat walicheza pambano walilolipanga hatua kwa hatua, bila kupoteza sekunde, na Meltzer akalipa nyota nne na nusu. Baadaye wakapanda Hulk Hogan na André the Giant. André, Mfaransa mwenye umbile la jitu, alikuwa amepasuliwa mgongo na hakuweza kujigeuza ila kwa taabu. Meltzer akalitia pambano lao alama chini ya sifuri, hasi nne.

Lakini watu walikuwa wamekuja kumwona nani? Tuliangalie lile pambano baya. Wiki kadhaa kabla, André, aliyekuwa rafiki wa Hogan, alimgeuka mbele ya kamera, akamchania fulana na kumkatia mkufu wa msalaba shingoni. Mara tu kengele ilipolia, Hogan alijaribu kumnyanyua, mgongo ukakataa, akadondoka chini ya lile jitu na nusura ashindwe hapo hapo. Swali likawa limeulizwa waziwazi: huyu mtu ananyanyulika? Kwa dakika zote zilizofuata, pamoja na udhaifu wa miguu ya André, swali lilibaki juu ya vichwa vya watu. Mwishoni Hogan akamnyanyua na kumbwaga. Ufundi ulikuwa haba, ila kisa kilikuwa kizima, na kilikaa mgongoni mwa mtu mgonjwa aliyekubali kuanguka mbele ya dunia.

Mtazamaji wa huku kwetu alilijua hilo kabla ya nyota za Wamarekani. Miji ya shaba ya Katanga imelelewa na maigizo yasiyo na maandishi. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililoigiza kwa Kiswahili cha Katanga redioni, kwenye televisheni na jukwaani, na ambalo mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliliandikia kitabu mwaka 1990, halikukariri maneno. Waigizaji walikubaliana kisa na mwisho wake, mengine wakayatunga wakiwa wamesimama, kila mmoja akimpisha mwenzake na kumjibu. Ndivyo wanamieleka wafanyavyo. Mwisho umekubaliwa, katikati ni pa kutafutwa, na anayewaambia waende wapi ni umati: kelele zikipungua wanabadilisha, zikipanda wanangoja.

Kuna na mzizi mwingine ulio karibu zaidi na Kolwezi, mji wetu wa migodi. Wachokwe na jirani zao katika nchi hii ya Lualaba wana vinyago vyao, Cihongo wa kiume na Pwo, bibi wa kale anayechezwa na mwanamume. Mtu mzima aliyepita jandoni anajua kuna binadamu ndani, wala halisemi hadharani, maana anayelisema amejivunjia heshima mwenyewe. Kinachopimwa ni mwendo: Pwo anatembea kwa staha ya mama au anatembea kama kijana aliyevaa nguo za kike? Umati uliozoea kuhukumu namna hiyo hauhitaji kuelezwa jinsi ya kumtazama mwanamieleka mwenye kinyago. Marekani siri kama hii, kwamba matokeo yamepangwa, ilikuwa ya waandaaji, tena walipoona ina gharama waliifungua wenyewe: mwaka 1989, mbele ya Seneti ya New Jersey, kampuni ya mieleka ya Vince McMahon ilikiri kwamba mchezo wake ni burudani, ili iondokane na usimamizi wa tume ya michezo ya jimbo. Kwetu siri hulindwa na watazamaji.

Nafika sasa kwenye mieleka ya dawa, inayoitwa kwa Kifaransa catch fétiche, ambayo wapenzi wa ufundi huidharau. Kinshasa ndiyo iliyoivumisha, na Edingwe, anayejulikana kwa jina la Moto na Ngenge, amekuwa mashuhuri kiasi kwamba wasiowahi kumwona ulingoni wanamjua. Hapa hakuna kukabana kwa muda mrefu. Mmoja anazunguka akicheza, anapuliza unga, anainua kitu kilichofungwa kitambaani, wala hamgusi mwenzake. Mwenzake anasimama ghafla. Kwanza vidole vinakakamaa. Kisha goti moja linalegea, anajaribu kulinyoosha, linarudi. Macho yanamtafuta mwamuzi. Anapiga hatua tatu kuelekea adui bila kutaka, kama anayevutwa kwa kamba, ndipo anaanguka chali, na mwenye dawa anaonekana kumpasua tumbo na kumla matumbo, wanawake wakipiga mayowe.

Wanaosema hapo hapana ufundi wamemtazama mtu siye. Aliyepuliza unga amepuliza unga, basi. Sanaa yote iko kwa anayeanguka bila kuguswa. Yeye ndiye anayetupimia uzito wa dawa ile, kidole kwa kidole. Akianguka upesi mno, umati wa Kongo, ambao hauna huruma katika jambo hili, unamzomea. Akikataa kuanguka, hakuna kisa. Kosa la mieleka ya dawa, nalo ni kosa kubwa, ni pale kila mmoja anapokuja na dawa yake na hakuna anayetaka kuonekana amepatwa. Hapo tunapata maajabu yanayofuatana tu, jeneza baada ya nyoka, moto baada ya jeneza, na ajabu likishaonwa mara mbili halimtoi mtu nyumbani mara ya tatu.

Hilo ndilo tatizo la mvuto, na mvuto ni mgumu kupima kuliko yote. Ukumbi ukijaa Kolwezi mwisho wa mwezi, ishukuru mishahara ya migodi kabla hujamshukuru mwanamieleka. Ukijaa kwa sababu mwanasiasa amelipa kiingilio cha wote, jina lililopo kwenye tangazo halikumvuta mtu. Waliopanda ukutani na juu ya miti wanaonyesha hamu, ila hawanunui tikiti. Hata saa inaingia katika hesabu. Bwawa la Nzilo lilijengwa kwenye mto Lualaba miaka ya 1950 ili kuipa migodi umeme, na hadi leo mtaa unaweza kulala gizani wakati mgodi unawaka taa. Anayeandaa mieleka mtaani hutaka pambano kuu liishe jua lingalipo, au atoe fedha ya jenereta. Wanamieleka wanaochezea muda katika mapambano ya utangulizi wanamwibia anayekuja mwisho.

Siku hizi kuna hesabu ya simu pia. Wilayani Mukono, Uganda, vijana wa Soft Ground Wrestling, kundi lililoanzishwa mwaka 2023 na Daniel Bumba anayeitwa Bumbash, wanacheza kwenye ulingo wa matope uliozungushiwa mianzi, na video zao zimetazamwa na mamilioni ya watu walio mbali kabisa na Mukono. Nawapenda sana. Angalia jinsi ardhi inavyoamua mchezo: matope yanapokea mwili kwa upole, kwa hiyo wao huruka na kupinduka hewani kwa wingi, mbao zetu hazisamehe, kwa hiyo sisi tumekuza uso, mwendo na dawa. Lakini aliyetazama bure kwa nusu dakika hajapitia mtihani aliopitia mchimbaji wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, anayehesabu faranga zake mlangoni.

Kipimo ninachokiamini ni kurudi. Nani alirudi kuwaona wawili wale wale, na alirudi kwa nini? Mwaka 1954 Wajapani walijazana mbele ya televisheni za barabarani kumtazama mwanamieleka Rikidozan akiwapiga ndugu Sharpe, Wakanada wakubwa ambao umati uliwachukulia kuwa Wamarekani. Nchi ilikuwa imeshindwa vita miaka tisa nyuma. Kama Ben na Mike Sharpe wasingekuwa wakubwa, wajanja na tayari kusalimu amri mbele yake, Rikidozan angebaki kuwa mtu mwenye nguvu tu. Kwetu, enzi za Mobutu, taifa lilipokuwa likijitafutia majina na sura mpya, Kelekele Lituka aliibeba Zaire ulingoni, na wazee bado wanamtaja. Ni jambo la kusikitisha kwamba majina ya wengi walioangushwa ili yeye akue yamepotea.

André hakupotea. Tarehe 5 Februari 1988, miezi kumi hivi baada ya kubwagwa mbele ya umati ule wa Michigan, alirudiana na Hogan kwenye televisheni ya NBC, na watu wapatao milioni 33 wakakaa kutazama, idadi ambayo mieleka ya Marekani haijawahi kuifikia tena. Aliyeshindwa vibaya hawezi kuvuta watu hivyo. Alishindwa kwa namna iliyoacha swali, na swali hilo ndilo lililouzwa.

Ndiyo maana nawaomba wanaoandaa mieleka Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wabadilishe jambo moja. Kwenye matangazo yao bingwa huandikwa kwa herufi kubwa na picha, na mpinzani hupewa mstari mdogo chini, au haandikwi kabisa, likabaki neno “na mgeni”. Waandike majina yote mawili kwa herufi za ukubwa mmoja. Wamlipe aliyeshindwa sawa na aliyeshinda, wamgharimie na daktari, kwa sababu mgongo wake ndio uliozipokea zile mbao. Na marudiano yatangazwe pale pale ulingoni, yeye akiwa bado yuko chini na watu hawajaanza kutoka.