Kamba huokoa paa wakati wa kupogoa miti

KATIKA vilima vya Jiji la Mwanza, kama vile Bugando, Igogo na Isamilo, nyumba zimesongamana kati ya majabali, na mwembe wa jirani mmoja aghalabu huinamia paa la mwingine. Mvua zinapokaribia, wenye nyumba hutafuta mafundi wa kupogoa.

Hatari kubwa haimo katika matawi makubwa pekee. Matawi madogo hudharauliwa, ilhali tawi la kilo 20 likiporomoka mita tatu kisha likazuiwa ghafla, huivuta kamba kwa nguvu inayozidi uzito huo mara kadhaa. Aliyeishika kwa mikono mitupu huchubuka viganja au kukokotwa.

Njia iliyo salama ni kupitisha kamba kwenye panda imara iliyo juu ya tawi linalokatwa, na kuikaza kabla msumeno haujaanza kazi, ili tawi lisipate nafasi ya kuporomoka. Ncha moja hufungwa kwenye tawi kwa kitanzi kinachojikaza, mahali penye vitawi vitakavyokizuia kisiteleze. Tawi likifungwa karibu na shina, majani hutangulia kushuka. Likifungwa kuelekea kileleni, kitako ndicho hutangulia. Fundi huchagua kulingana na kilichopo chini.

Ncha ya pili huzungushwa mara mbili au tatu kwenye shina, karibu na ardhi. Hapo msuguano ndio unaobeba mzigo. Msaidizi hulegeza kamba taratibu tu, akiwa amesimama mbali na njia ya tawi. Ndiyo kanuni wanayoitumia mabaharia bandarini wanapozungusha kamba kwenye nguzo za gati.

Tawi hukatwa kidogo kwa chini kwanza, kisha kwa juu, ili gome la shina lisichanike.

Aina ya kamba nayo ina uzito wake. Kamba nyepesi ya plastiki, ile inayoelea majini, hulainika kwa joto la msuguano, na ya katani huoza ikikaa na unyevu. Nailoni hustahimili zaidi mshtuko. Hata hivyo, kila fundo hupunguza nguvu ya kamba, hivyo iliyochakaa haifai.

Iwapo nyaya za umeme zimepita karibu na matawi, kamba si kinga, kwani ikilowa hupitisha umeme. Kazi hiyo waachiwe mafundi wa TANESCO.