Mfuko wa kilo mia unakula magoti yetu

Msimu uliopita tulikuwa tunapima mahindi kwenye depo ya koperative moja karibu na Bunia. Mama mmoja alibaki amekaa pembeni, juu ya mfuko. Nikamuuliza, "Mama, kuko nini?" Akajibu, "Agronomu, shamba iko, mbegu iko, lakini magoti inakataa." Wenzake wakacheka, kisha wakaanza kutaja na yao: huyu goti, yule kiuno, mwingine nyonga.

Wengi wanasema ni uzee ao baridi. Uzee una sehemu yake, lakini mara nyingi ugonjwa wenyewe ni arutrozi. Mwisho wa mifupa inayokutana kwenye goti kuna gegedu, ile nyeupe laini tunayotafuna kwenye mfupa wa kuku. Ikilika, goti linakazana asubuhi na kuuma ukipanda kilima. Na ikishaisha, hakuna dawa ya kuirudisha.

Kinachoila ni mizigo mizito ya miaka mingi, kuchuchumaa saa nyingi kwenye palizi, goti lililowahi kuumia kwenye mpira ao pikipiki, na unene. Mtu mnene akipunguza kilo 1, goti linapumzika karibu kilo 4 kwa kila hatua.

Kwa hiyo, jembe lipate mpini mrefu. Palizi ya kuchuchumaa, ivunje kila nusu saa kwa kazi ya kusimama. Na usiache kutembea kwa sababu goti linauma. Misuli ya paja ndiyo inashika goti. Kaa kwenye kiti, simama bila kushika na mikono, mara 10, asubuhi na jioni. Vidonge vya maumivu vya barabarani vinanyamazisha goti kweli, lakini ukivizoea vinatoboa tumbo na kuharibu figo. Goti likivimba, likiwa la moto na una homa, hiyo ni kitu ingine: nenda kituo cha afya siku ileile.

Sasa mfuko. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza tangu 1967 kwamba mwanaume mzima asibebe zaidi ya kilo 55, na wanawake wabebe kidogo kuliko hapo. Sisi tunapandisha kilo 100 mgongoni mwa kijana, na mama anateremka kilima na mzigo, kamba kwenye paji la uso. Kenya, kanuni za viazi za 2019 zimeweka mfuko wa kilo 50. Najua mtakachosema: mnunuzi wa mjini analipa kwa mfuko, tukipunguza atatupunja. Ni kweli, kama kila mtu anauza peke yake. Koperative ikiuza pamoja, bei inahesabiwa kwa kilo, juu ya mzani, na mifuko 2 ya kilo 50 ni pesa ileile.

Kamati zikikutana kabla ya mavuno, liwekeni jambo hili kwenye ajenda, na mzani uwe pale.